Mlango Juu au Mlango Mbele? Muulizeni Anayefua

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki mbili hivi. Mnisamehe. Kazi za chumba cha habari mnazijua, ukimaliza habari moja mhariri anakuuliza ya kesho iko wapi. Leo nimepata nafasi, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatano.

Jumatano mchana, tukisubiri kikao cha wahariri kiishe, ulizuka ubishi pale ofisini. Haukuwa wa Simba na Yanga, huo tumeshauzoea. Ulikuwa wa mashine za kufulia nguo. Kaka mmoja wa dawati la biashara, aliyesoma Uingereza mwaka mmoja na mpaka leo hajarudi sawasawa, alisema mashine ya mlango juu ni ya kishamba. Mtu mstaarabu, kwa maelezo yake, ana ile ya mlango mbele, yenye kioo cha duara unachoweza kukaa ukatazama nguo zinavyozunguka. Mwingine, ambaye dada yake anaishi Marekani, akaruka juu: Marekani kwenyewe watu wanatumia za mlango juu, sasa mshamba ni nani? Ikawa Uingereza, Marekani, Uingereza, Marekani, kwa nusu saa nzima.

Tulikuwa wanaume watano. Nikauliza swali moja tu: katika sisi watano, nani amefua nguo zake mwenyewe wiki hii? Kimya. Na mimi nilinyamaza, maana zangu zilikuwa kwa dobi.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, na naiweka wazi mapema ili asiyependa aache kusoma. Ubishi wa mlango juu na mlango mbele, kama tunavyoufanya Bongo, ni ubishi wa watu wasiofua, kuhusu nyumba wasizoishi, katika nchi zenye mabomba tusiyokuwa nayo. Kila nchi ilipata mashine iliyofanana na maji yake, umeme wake na nyumba zake. Sisi tumechukua ubishi wao, tukaacha kuuliza maswali yaliyouzaa. Na gharama ya uzembe huo hailipwi na sisi wabishi. Inalipwa na aliyeinama kwenye beseni.

Nijitaje mimi kwanza, nisije nikaonekana nawasema wengine. Mwaka 2023 nilikusanya vijisenti vyangu, nikaenda duka moja Kariakoo, nikamnunulia mama mashine ya kufulia. Ya mlango mbele, nyeupe, kioo kinang'aa. Muuzaji aliniuliza maswali mawili tu: naitaka ya kilo ngapi, na nina usafiri? Hakuniuliza maji nyumbani yanatoka wapi. Mimi msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari ninayelipwa kwa kuuliza maswali, nami sikumuuliza chochote. Nilitazama kioo.

Tukaifikisha nyumbani, fundi akaiunganisha na bomba la tangi. Tangi la mama limekaa juu ya kijukwaa cha matofali, kitako chake kama mita mbili kutoka chini. Tukabonyeza. Mashine ikafunga mlango, ikanguruma kidogo, ikangoja. Ikangoja tena. Kisha ikaandika herufi na namba kwenye kioo chake kidogo, ikalia kama mtoto, ikagoma. Tukarudia mara nne. Fundi akasema mashine mbovu. Dukani wakasema fundi mbovu. Mama akatutazama wote, akasema, "Baba, ahsante sana. Umeniletea kabati zuri lenye kioo." Akatandika kitambaa juu yake, akaweka chupa za chai.

Mashine haikuwa mbovu. Nilikuja kusoma kile kitabu kinachokuja nayo, ambacho wengi wetu tunakitupa pamoja na boksi. Vitabu vingi vya mashine hizi vinaeleza kwamba maji lazima yaingie kwa presha isiyopungua kiasi fulani, mara nyingi kati ya MPa 0.03 na 0.05. Tafsiri yake kwa lugha ya uani ni hii: maji yaanguke kutoka mita tatu hadi tano juu ya mahali yanapoingilia kwenye mashine. Tangi la mama lina mita mbili, na bomba la kuingizia liko nyuma ya mashine karibu na juu, yaani karibu mita moja kutoka chini. Ukitoa, inabaki mita moja. Valvu inafunguka, maji yanadondoka kama ya mgonjwa wa dripu, muda uliowekwa wa kujaza unakwisha, mashine inaamua kwamba hakuna maji. Kwa akili yake iko sahihi kabisa. Ilitengenezewa mji ambao ukifungua bomba, maji yanakurukia usoni.

Sasa turudi kwa Wazungu wetu tuone kama kweli waligawanyika kwa ustaarabu na ushamba.

Watu wengi hawajui kwamba mashine ya kwanza ya nyumbani iliyofua yenyewe mwanzo mpaka mwisho iliuzwa Marekani, na ilikuwa ya mlango mbele. Ni ya kampuni ya Bendix, mwaka 1937. Tatizo lake ni kwamba ilitikisika kiasi kwamba ilibidi ifungwe kwa bolti kwenye sakafu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja za mlango juu, na Mmarekani akazikumbatia. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na nyumba kubwa yenye chumba cha chini ya ardhi. Alikuwa na tangi kubwa la maji moto linalohudumia nyumba nzima, hivyo mashine haikuhitaji kuchemsha maji yenyewe, ikachota tu ya moto na ya baridi. Umeme wa soketi zake ni volti 120, usiofaa sana kuchemshia maji haraka. Maji yalikuwa mengi na rahisi, akajaza pipa zima, mti wa katikati ukazungusha nguo. Na huna haja ya kuinama, na soksi iliyosahaulika unaitupia humo humo katikati ya safari. Ni sababu za nyumba tu hizo.

Ulaya ilikuwa kinyume. Nyumba ndogo, ghorofa juu ya ghorofa. Uingereza mashine ikaingizwa jikoni, chini ya meza ya kukatia vitunguu, na kitu kinachokaa chini ya meza hakiwezi kufungukia juu. Umeme wao ni kama wetu, volti 230, kwa hiyo hita ya wati 2,000 ndani ya mashine si tabu. Ikaingia bomba moja tu la maji baridi, mashine ikachemsha yenyewe mpaka nyuzi 60 au 90, kama bibi zao walivyochemsha mashuka kwenye sufuria. Na kwa kuwa majira ya baridi huwezi kuanika nje, ikabidi ikamue kwa kasi, mizunguko 1,000 mpaka 1,400 kwa dakika, ili nguo ikitoka iwe karibu kukauka. Huyo ndiye mama wa kile kioo anachokiringia kaka yetu wa biashara: jiko finyu na baridi kali.

Wafaransa nao wana kichekesho chao. Wana mashine nyembamba, upana wa sentimeta 40 hivi, mlango juu. Lakini ukiifungua, ndani unakuta pipa limelala, linazunguka kama lile la mlango mbele. Kwa hiyo hata jina la ubishi wetu ni la uongo. Linalobadilisha kazi ni jinsi pipa lilivyokaa. Pipa lililosimama linataka nguo zielee, kwa hiyo linataka maji mengi. Pipa lililolala linazinyanyua nguo na kuziangusha, kama dobi anavyopiga nguo kwenye jiwe, kwa hiyo maji kidogo yanatosha.

Japani wao wamekaa na pipa lililosimama miaka mingi, wanafua kwa maji baridi. Mjapani anaoga na kujisugua nje ya beseni la kuogea, kisha anaingia kujiloweka kwenye maji moto yakiwa safi. Yale maji hayamwagwi. Mashine nyingi huko zina mpira na pampu ndogo ya kuyavuta kutoka bafuni yakafulie nguo. Nchi tajiri, inatumia maji mara mbili, na hakuna anayeiita ya kishamba. Huyu mama yangu akitumia maji ya kusuuzia nguo kudekia sakafu, tunasema ni umaskini.

India wana mashine za mapipa mawili, moja la kufua na la pili la kukamua. Nguo unazihamisha kwa mkono. Unajaza kwa bomba, kwa ndoo, kwa chochote. Na kampuni zinazouza mashine za kujiendesha zenyewe huko zimelazimika kutangaza kwamba za kwao zinajaa hata presha ikiwa hafifu. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Mhindi aliuliza dukani, akajibiwa. Asipojibiwa anaondoka na pesa yake.

China kuna kisa kinachojulikana sana cha kampuni ya Haier. Miaka ya 1990 wakulima wa Sichuan walilalamika kwamba mashine zao zinaziba. Mafundi walipokwenda kutazama wakakuta wakulima wanaoshea viazi vitamu ndani ya mashine. Kwa akili za Kariakoo, mteja angefokewa mpaka akimbie. Haier wakatengeneza mashine yenye bomba pana la kutolea maji, inayofua nguo na kuosha viazi. Hebu fikirini. Kule mashine ilibadilishwa imfuate mkulima. Hapa mama yangu aliambiwa fundi wake mbovu.

Sasa nifike kwenye linaloniuma zaidi.

Kama ni suala la maji kuisha, aliyesema mlango mbele ni bora ana haki, sitamnyima. Mwaka 1997, huko Bern, kijiji cha Kansas chenye watu kama 200, serikali ya Marekani na kampuni ya Maytag waliwabadilishia wanakijiji mashine zao, wakawapa za mlango mbele 103, wakapima kabla na baada. Maji kwa kila mfuo yalishuka kutoka lita 157 hivi hadi lita 98 hivi, pungufu ya asilimia 38. Nishati ikapungua kwa zaidi ya nusu. Za leo zinatumia kidogo zaidi ya hapo, nyingi lita 40 mpaka 60. Australia, walipokuwa katika ukame mrefu ulioisha karibu 2009, walipitisha sheria mwaka 2005 inayolazimisha mashine ya kufulia kubandikwa nyota za matumizi ya maji. Watu wakasoma nyota, wakahama.

Basi angalieni dhihaka hii. Mashine inayokunywa maji kidogo inadai bomba la nchi isiyokuwa na shida ya maji. Mashine inayokubali ndoo ya nchi yenye shida ya maji ndiyo inayokunywa mengi. Dar es Salaam, ambako mwishoni mwa mwaka 2022 tuliwekewa mgao kwa sababu Mto Ruvu ulishuka, ambako dumu la lita 20 hupanda bei siku bomba likikauka, mtu aliyestahili kuliko wote kuwa na mashine ya lita 50 ndiye asiyeweza kuitumia. Na mwenye kisima chake, mota yake na tangi lake juu ya ghorofa, ambaye hata akimwaga hahisi, ndiye inayemfanyia kazi. Mwenye nacho huongezewa hata kwenye kufua.

Mtasema, si anunue pampu ya kuongeza presha? Ndiyo, zipo, na kwa anayeweza ni dawa nzuri. Lakini pampu inataka umeme, na umeme ukikatika katikati ya mfuo mlango mbele umejifunga na nguo ziko ndani ya maji. Nyongeza nyingine ni ya sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, maana sisi bila povu hatuamini kama nguo imefuliwa. Ndani ya pipa lililolala povu lile linajaa, nguo hazianguki vizuri, mashine inahangaika kusuuza. Yenyewe ina sabuni yake ya povu dogo, bei yake mbali. Muuzaji hakunieleza hilo pia.

Na ule mpira wa mlangoni, kwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu, usipoufuta na kuuacha mlango wazi unaota ukungu na kunuka. Hata Marekani walipelekana mahakamani kwa ajili ya harufu hiyo. Whirlpool walishtakiwa na wateja kwa niaba ya maelfu, ingawa baraza la mahakama huko Ohio liliipa kampuni ushindi mwaka 2014. Lakini wa mlango juu wasishangilie. Mwaka 2016 Samsung ilizirudisha mashine kama milioni 2.8 za mlango juu huko huko Marekani, kwa sababu mifuniko ilikuwa inaweza kuchomoka zikikamua, na mtu mmoja alivunjwa taya. Hakuna mlango mtakatifu.

Pia kuna ndugu zetu wa ughaibuni, tunaowapenda, wanaopakia kwenye kontena mashine kubwa ya Kimarekani kama zawadi kwa mama. Zawadi hiyo ni ya volti 120 na haizi 60. Kwetu ni volti 230 na haizi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, dakika hiyo hiyo unasikia harufu. Ukiiwekea transfoma inayobeba mzigo huo, umenunua mzigo mwingine. Na ikifua kama ilivyozoea kwao, inameza madumu saba au nane kwa mfuo mmoja. Ndugu zangu, tumeni pesa. Tutanunua wenyewe.

Wapo watakaoniambia: kwani beseni lina ubaya gani? Mikono inatakatisha kuliko mashine. Nimesikia hoja hii mara nyingi, na kila mara kutoka kwa mtu ambaye mikono yake ni laini. Mama yangu alifua nguo za watu sita kila Jumamosi kwa miaka ishirini na zaidi. Kuloweka alfajiri, kufikicha kola, kukamua mashuka mmeshika huku na huku, kusuuza mara mbili, kuanika, kuanua mvua ikitishia. Leo hawezi kufungua kifuniko cha chupa bila kukunja uso. Mashine ingempa Jumamosi zake. Alipenda kusoma, alikuwa anaficha magazeti ya zamani chini ya godoro ili ayasome akipata nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa ndani ya beseni.

Ndiyo maana nilimwelewa Hans Rosling, yule daktari Msweden aliyefariki mwaka 2017, ambaye kabla ya kuwa maarufu kwa takwimu alifanya kazi Nacala, hapo Msumbiji, kati ya 1979 na 1981. Mwaka 2010 alitoa mhadhara kuhusu mashine ya kufulia. Alieleza siku mama yake alipopakia mashine kwa mara ya kwanza, yeye akiwa na miaka minne, na bibi yake aliyefua kwa mikono maisha yote akaomba yeye ndiye abonyeze kitufe. Kisha mama yake, kwa kuwa sasa alikuwa na muda, akampeleka maktaba. Rosling alikadiria kwamba wakati ule watu bilioni mbili hivi walikuwa na mashine, na bilioni tano wengine nguo zao bado zilifuliwa kwa mikono, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Yule bibi hakuuliza mlango uko juu au mbele. Aliomba kubonyeza.

Na dada wa kazi, atakosa ajira? Hapana. Nani kasema kazi ya ndani ni kufua tu? Ana kupika, watoto, usafi, sokoni. Kinachopungua ni mgongo kuuma. Tena nawaambia, nyumba nyingi zinachelewa kununua mashine si kwa kukosa pesa. Runinga ya inchi 55 ipo ukutani. Pesa ipo, ila aliyeishika hafui, na anayefua hajaishika. Mgongo wa dada wa kazi hauonekani kwenye bajeti ya nyumba kwa sababu haupeleki ankara.

Sasa mtaniuliza, wewe mwandishi unatupendekezea nini? Sikwepi.

Kama una presha ya kweli, tangi juu ya ghorofa au mota, na umeme wako hausumbui sana, chukua ya mlango mbele. Itakupunguzia maji. Fua kwa maji baridi au vuguvugu, hatuna theluji hapa, maji ya bomba la Dar yenyewe tayari yana joto. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunakula zaidi ya nusu uniti ya LUKU kila mfuo, na kwa nguo za ofisini huna sababu.

Kama tangi lako liko chini, una mgao, unanunua madumu, chukua ya mapipa mawili na usione aibu hata kidogo. Inajazwa kwa ndoo. Umeme ukikatika unaendelea kwa mkono ulipoishia. Sabuni yoyote inakubali. Fundi wa mtaani anaifungua na bisibisi moja. Na ule ulafi wake wa maji una dawa ambayo mama zetu wanaijua siku nyingi: maji yale yale ya povu unaanza na nguo nyeupe, unatia za rangi, unamalizia na matambara, kisha unadekia uani. Mashine ya kujiendesha yenyewe haikuruhusu hivyo, inamwaga tu kila mara. Ukihesabu kwa mfuo mmoja inaonekana mlafi, ukihesabu kwa Jumamosi nzima mambo yanabadilika. Nguo zikitoka na unyevu kidogo, jua tunalo na kamba tunayo.

Ile kubwa ya mti wa katikati inayojaza pipa zima kila mara, waachieni wenye mito yao.

Kwa wafanyabiashara wetu nasema hivi. Bandikeni mambo matatu kwenye kila mashine, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: lita kwa mfuo, presha ndogo kabisa kwa mita za tangi, na volti. Mamlaka zinazosimamia viwango zilazimishe, kama Australia walivyolazimisha nyota. Karatasi moja ndogo ingemwokolea mama yangu pesa ya mwanawe. Na nyie wachora ramani na wenye nyumba za kupangisha, mnajenga sebule ya kuchezea mpira, mnaweka soketi sita za runinga, lakini uani hakuna bomba moja lililoinuliwa wala tundu la kutolea maji machafu. Mnajua kabisa nguo zitafuliwa mle ndani. Mmeamua tu kwamba anayefua hahitaji kuchorewa.

Nimalizie kisa cha nyumbani. Duka lilikataa kubadilisha, likasema imeshafunguliwa. Mwaka 2024 mjomba akasaidia, tukapandisha tangi juu ya jukwaa la vyuma, kitako mita tano na nusu kutoka chini. Gharama yake ilikaribia bei ya mashine yenyewe. Mama akaondoa chupa za chai, akakunja kitambaa chake. Tukabonyeza, au tuseme alibonyeza yeye, maana alinisukuma mkono. Maji yakaingia. Akavuta kigoda akakaa mbele ya kile kioo, dakika arobaini, hakusema neno. Nikamwuliza, "Mama, unatazama nini?" Akasema, "Natazama Jumamosi zangu, baba."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufikiria kwamba Jumamosi zile, ambazo mimi nilikuwa nacheza mpira na kurudi na jezi imejaa tope, zilikuwa za mtu.

Kwa hiyo kaka yangu wa dawati la biashara, Jumatano ijayo tukikutana, tusibishane juu na mbele. Njoo na jibu la swali langu kwanza: wiki hii umefua wewe?

Haya, uwanja ni wenu. Wanaonipinga karibuni, matusi acheni mlangoni. Na kama kuna mama, dada au dobi atakayesoma hapa, naomba yeye aanze kusema kabla yetu. Safari hii sisi tusikilize.

Wasalaam.